Nyimbo mpya na habari za wasanii huru wa Lamu na Malindi: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila Alhamisi usiku tunakaa kwenye baraza moja hapa Langoni, Lamu, na simu mbili na kompyuta moja, tukiandaa orodha ya nyimbo zitakazotoka kesho yake. Ni nyimbo za Amu (yaani Lamu yenyewe), za Pate na Siyu, za Mokowe, hadi Malindi na Watamu. Orodha hiyo husambaa kwa simu, na watangazaji wa redio huichukua. Watu wanatuuliza maswali njiani, gatini, hata arusini, na mengi ni yale yale. Haya ndiyo majibu yetu.

Msanii huru ni yupi hasa?

Ni yule ambaye masta (rekodi za asili) za nyimbo zake ziko mikononi mwake mwenyewe, si mwa kampuni ya kurekodi. Kuwa na meneja au prodyuza hakumtoi kwenye uhuru huo. Tunaangalia jambo moja tu: wimbo ukishakamilika, nani mwenye haki ya kuuza, kukodisha au kuukataza? Kwa kipimo hicho, kikundi cha kaswida cha madrasa ni wasanii huru. Kijana wa Maweni anayechana kwa Kigiriama ni msanii huru, na kina mama wa vugo, ngoma ya arusi inayopigwa kwa pembe, pia.

Mnatoza kiasi gani kutangaza wimbo?

Hatutozi. Mtu akikudai pesa kwa jina letu usimpe, na utuambie.

Kwa nini nyimbo zote zitoke Ijumaa?

Si lazima, lakini kuna faida. Zamani kila nchi ilikuwa na siku yake: Marekani Jumanne, Uingereza Jumatatu, Ujerumani na Australia Ijumaa. Tarehe 10 Julai 2015 kampuni za muziki duniani zilianza kutumia Ijumaa kwa pamoja. Tangu hapo, orodha kubwa za nyimbo mpya mtandaoni hubadilishwa siku hiyo.

Kwetu Ijumaa ina uzito wake. Asubuhi watu wamo katika maandalizi ya swala, na wimbo hauchezwi mpaka mchana umepinda. Kwa hiyo wimbo wako utafunguka saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa, lakini ujumbe wetu tunautuma baada ya Alasiri, wakati watu wamekaa barazani na simu ziko mkononi. Tumejaribu nyakati nyingine, na huu ndio unaopata wasikilizaji.

Niwaletee wimbo siku ngapi kabla?

Wiki nne. Wengi hutuletea Alhamisi jioni wimbo utakaotoka usiku huo, na hapo tunalobaki nalo ni kuutaja tu.

Wiki nne zina kazi. Msambazaji, yaani kampuni unayoipa wimbo, anahitaji siku kadhaa kuukagua na kuupeleka kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni. Spotify, ambayo ilifunguliwa Kenya Februari 2021, inataka uutambulishe wimbo kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla haujatoka ili uingie kwenye orodha ya Ijumaa ya wafuasi wako. Zinazobaki ni za kukusaidia kuandika habari fupi, kupata picha nzuri, na kuwapelekea watangazaji wa redio. Mtangazaji naye ni mtu, anahitaji kuusikiliza wimbo zaidi ya mara moja kabla hajausemea.

Nilete nini?

Faili ya WAV, 44.1 kHz, isiwe MP3 iliyopita kwenye WhatsApp, maana MP3 imebanwa na sauti yake imeshapungua. Lete kava ya mraba yenye pikseli 3000 kwa 3000, maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa ukamilifu, na karatasi ya majina. Hiyo ya mwisho ina swali lake hapo chini kwa sababu ndiyo inayotuumiza kichwa kuliko yote.

Kava haihitaji uso wako. Waimbaji kadhaa wa kike wametuambia hawataki picha zao zisambae, na hilo ni haki yao. Tumetumia picha ya mikono yenye hina, ya pembe za vugo zimelazwa juu ya mkeka, ya pindo la leso. Zilipendeza, na msikilizaji wa Pwani alielewa mara moja.

Mbona mnasisitiza sana karatasi ya majina?

Nitajibu hili kwa jambo lililonitokea mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kupakia wimbo wa arusi wa kina mama wanane wa Matondoni. Fomu ya msambazaji ilikuwa na nafasi moja ya msanii mkuu. Nikaandika jina la kijana aliyepiga kinanda, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na barua pepe, nikasema nafsini mwangu mengine yatafuata. Wimbo ukatoka. Siku ya tatu nikampelekea simu bibi aliyetunga maneno. Akakaa kitako juu ya jamvi, akaishika simu kwa mikono miwili karibu na sikio, akausikiliza mpaka mwisho, kidole gumba kikigonga paja kwa mpigo wa pembe. Alipomaliza akaniangalia, akauliza kwa upole:

"Mwanangu, na ina langu li wapi?"

Jina lake halikuwapo, nami sikuwa na la kumjibu. Kusahihisha kulichukua zaidi ya miezi miwili, kwa kuwa kila barua niliyomwandikia msambazaji ilirudi na jibu lile lile lililoandaliwa tayari. Katika miezi hiyo wimbo ulichezwa arusi nyingi, na watu wakampongeza yule kijana.

Tangu siku hiyo hatutangazi wimbo usio na karatasi. Iandikwe aliyetunga maneno, aliyetunga lahani, mwimbaji, waitikiaji wote, kila mpigaji na chombo chake, aliyerekodi, aliyemiksi, mahali na mwaka. Karatasi hiyo pia iwe na mgao: nani anapata asilimia ngapi ya mapato, na kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Mfanye hivyo siku ya kurekodi, kabla ya chai kupoa, wakati wimbo bado haujapata hata shilingi moja. Ukishaanza kulipa, mazungumzo yanakuwa mazito hata kati ya ndugu.

Jina langu mtandaoni limechanganyika na la mtu mwingine. Nini kimetokea?

Pwani yetu ina kina Ali, kina Fatma na kina Swaleh wengi mno, na kompyuta haimjui mtu kwa nasaba. Ukiandika Swaleh leo, kesho Saleh, keshokutwa Salih, kwake hao ni watu watatu. Na ukitumia jina moja tupu, wimbo wako unaweza kuangukia kwenye ukurasa wa mwimbaji wa nchi nyingine kabisa.

Chagua tahajia moja, iandike mahali, usiibadilishe tena. Jina la ukoo au la mtaa husaidia kukutofautisha. Wimbo wako wa kwanza ukishatoka, chukua kiungo cha ukurasa wako na umpe msambazaji kila unapopakia mwingine, ili aujue mlango wa kuingilia.

ISRC ni nini, na nailipia?

Ni nambari ya utambulisho ya rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Kila rekodi ina yake: toleo la studio moja, toleo la jukwaani nyingine, hata kama wimbo ni ule ule. Kwa nambari hiyo ndipo hesabu za kuchezwa zinapokusanywa. Wasambazaji wengi huitoa bila malipo ya ziada. Iandike kwenye karatasi ya majina na uitunze, maana siku ukihama msambazaji utaihitaji.

Taarabu yangu ina dakika 11. Niikate?

Hapa nina msimamo, na nausema wazi: usiikate.

Najua hesabu. Kwenye Spotify wimbo huhesabiwa umesikilizwa ukipita sekunde 30, na wa dakika 2 unalipa sawa na wa dakika 11. Prodyuza kijana atakwambia uondoe utangulizi wa udi, uanze na kiitikio. Lakini kwenye taarabu ya Pwani utangulizi ndipo msikilizaji anapojua maqam gani, yaani ngazi gani ya sauti, anaingizwa, ndipo anapoweka kikombe chini. Zein l'Abdin, aliyezaliwa hapa Lamu mwaka 1939 na kufariki Mombasa mwaka 2016, alijulikana kwa udi wake sawa na kwa sauti yake. Mkato wa dakika 2 ungeondoa nusu ya mtu huyo.

Tunachowashauri wasanii ni kutoa matoleo mawili kwa pamoja: zima, na fupi la dakika 3 au 4 lililopangwa upya na wapigaji wenyewe, si lililochinjwa kwa kompyuta. La redio ni fupi. Zima liwekwe YouTube na Bandcamp (duka la muziki mtandaoni), ambako mtu huja kwa kukusudia. Kila toleo liwe na ISRC yake.

Naweza kurekodi nyumbani?

Ndiyo, na nyumba za kale za mawe za Amu ni mahali pazuri kuliko wengi wanavyodhani. Kuta ni nene, zinazuia kelele za njiani. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki upana wa mita 3 hivi. Chumba cha aina hiyo hurundika besi pembeni, kwa hiyo usimweke mwimbaji kwenye pembe wala katikati kabisa. Msogeze kama theluthi ya urefu wa chumba, mgongo wake uelekee pazia zito au godoro lililosimamishwa. Ukuta wenye zidaka ni neema: vile vishimo na michongo hutawanya sauti isirudi kama kofi. Tulirekodi udi mbele ya zidaka Mkomani, maikrofoni kama sentimita 30 kutoka pale shingo inapokutana na tumbo la chombo, na hatukuhitaji kuongeza mwangwi wowote baadaye.

Shida ni saa ya kurekodi. Punda, jenereta, mashine za boti, watoto wa chuo cha Kurani. Saa nne usiku hadi saa tisa ndio wakati wetu. Malindi, kwa walio karibu na barabara kuu, hata usiku kuna pikipiki, na huko tunawaelekeza watu kwenye chumba cha ndani chenye kabati la nguo lililojaa.

Nataka kutumia ngoma ya asili kwenye biti yangu. Ni ya nani?

Swali hili linatoka zaidi Malindi, kwa vijana wanaochukua mwanzele wa Kigiriama, lakini hata hapa wapo wanaochukua vugo na kirumbizi.

Watu hudhani kitu kisicho na mtunzi anayejulikana ni cha yeyote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotambua kwamba jamii ina haki juu ya ngoma na nyimbo zake, na kwamba anayetaka kuzitumia kibiashara apate idhini ya jamii hiyo. Mpangilio wako mpya, maneno yako mapya, biti yako, hayo ni yako. Mpigo wa mwanzele hauwi wako kwa sababu umeuwekea kinanda.

Kwa vitendo tunaomba mambo matatu. Nenda kwa wazee wa kikundi kinachoipiga ngoma hiyo, uwaeleze unachotaka kufanya kabla hujafanya. Wape nafasi kwenye mgao kama umewarekodi wao wenyewe. Na uandike kwenye maelezo ya wimbo: ngoma gani, ya watu gani, imepigwa na nani. Kijana mmoja wa Malindi alifanya hivyo, na wazee wakamfundisha mpigo wa pili ambao hakuwa ameujua. Wimbo wake ulikuwa bora kwa sababu hiyo.

Nina kaseti za zamani za babu. Naweza kuchukua kipande nikakitia kwenye wimbo wangu?

Kuna haki mbili ndani ya kaseti moja, na usipozitenganisha utapotea. Rekodi yenyewe, kwa sheria ya Kenya, inalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Utunzi, yaani maneno na lahani, unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki.

Chukua mfano. Rekodi ya mwaka 1970 ulinzi wake uliisha mwishoni mwa 2020. Lakini kama lahani ni ya Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, utunzi wake unalindwa hadi mwisho wa 2064. Na waimbaji wa Pwani mara nyingi huimba mashairi ya malenga wengine, kwa hiyo aliyeandika shairi naye ana hesabu yake. Kama warithi wapo Mombasa au hapa, nenda ukabishe hodi. Mara nyingi wanachotaka kwanza ni kuulizwa.

Na kaseti zenyewe, tafadhali, zihamishieni kwenye kompyuta hata kama hamtazitumia. Joto na chumvi ya bahari havingoji. Kanda iliyokwama usiiendeshe kwa nguvu. Ilete tuifungue kwa bisibisi.

Nitapata pesa gani, na kwa njia ipi?

Kidogo kidogo, kutoka sehemu nyingi. Spotify, tangu 2024, hailipi wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita, na nyimbo nyingi za kwetu hazifiki hapo. Ndiyo maana hatupendi msanii aelekeze nguvu zake zote huko. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, zinazobaki ni zako ukiondoa gharama za malipo, na ni mahali pazuri kwa taarabu na ngoma zinazotafutwa na watu wa nje. Boomplay na Mdundo zina wasikilizaji wa hapa nyumbani wenye simu za kawaida.

Usisahau Skiza, miito ya simu ya Safaricom. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliweka kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Kwa kaswida na nyimbo za arusi, huku ndiko baadhi ya wasanii wetu walikopata cha kwanza cha maana.

Kisha kuna mirabaha ya kuchezwa redioni, hotelini na kwenye matatu. Hiyo hukusanywa na vyama vinavyopewa leseni na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Leseni ni za muda, kwa hiyo kabla ya kujiunga na chama uliza bodi kama leseni yake bado ni hai. Kumbuka pia kwamba hakimiliki yako inaanza pale wimbo unaporekodiwa au kuandikwa. Kuusajili KECOBO hukupa ushahidi siku ya ugomvi.

Ramadhani mnafanyaje?

Kaswida zinaendelea, na ni msimu wake. Nyimbo za kucheza tunaziweka hadi Idi, isipokuwa msanii akitaka vingine, nasi hatumlazimishi. Mwezi wa Maulidi nao Amu hujaa wageni wa msikiti wa Riyadha, wapigaji matari wako kazini usiku na mchana, kwa hiyo usipange kurekodi nao wiki hizo. Baada ya Idi arusi huwa nyingi, na wimbo wa arusi utoke kabla ya hapo, ili upate kupigwa.

Mnathibitishaje habari za wasanii?

Ziara, kolabo na studio mpya tunazithibitisha na msanii mwenyewe au mtu aliyemtaja. Ugonjwa hatuuandiki bila ruhusa yake. Kifo hatukiandiki mpaka mtu wa nyumbani kwao atuambie kwa mdomo wake, hata kama mji mzima umeshaanza kutuma rambirambi. Liliwahi kutufikia jina la mzee mmoja mpiga fidla, na ujumbe umeshaandikwa tayari. Mmoja wetu akaenda kwao kwanza. Akamkuta mzee anakunywa uji.

Wimbo uliotengenezwa na akili mnemba mnaupokea?

Kama mtu ameimba na mtu ametunga, na mashine imesaidia kusafisha sauti, tunaupokea. Sauti ya mwimbaji hai au marehemu iliyoigizwa na mashine hatuitangazi.

Nimetoa wimbo mwaka jana bila majina ya wenzangu. Nimechelewa?

Hujachelewa. Maelezo ya wimbo yanaweza kusahihishwa bila kuuondoa. Ikibidi uondolewe na upakiwe upya, tumia ISRC ile ile mradi rekodi haikubadilika, ili hesabu yako isianze sifuri. Njoo siku yoyote kati ya Jumatatu na Jumatano baada ya Alasiri, na nambari hiyo, kitambulisho chako, na majina kamili ya wote walioimba na kupiga. Kama mmoja ameshafariki, njoo na jina lake pia, na la mtu wa kwao atakayepokea fungu lake.